Kadi ya sheli: jinsi ya kuanza kuandikwa jina kwenye mikopo ya Marekani

Kwetu Tanzania kituo chochote cha mafuta ni sheli, hata kama bango lake limeandikwa jina jingine kabisa. Kwa hiyo nikisema kadi ya sheli hapa, nina maana ya kadi ya mkopo inayobeba jina la kampuni yoyote ya mafuta: Chevron, Exxon, BP, Shell yenyewe na wenzao. Na Marekani mafuta ya gari huitwa gesi. Mwenyeji akikuaga anakwenda kuweka gesi, usidhani mtungi wa jikoni umeisha.

Ninamwandikia aliyefika karibuni Columbus, Houston au Minneapolis, ana kazi, ana gari lililokwisha kupita mikono miwili mitatu, na hana historia yoyote ya mkopo katika nchi hii.

Mkenya aliyezoea kuiogopa CRB, yaani ofisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji, atashangaa kidogo. Kule nyumbani mtu akisema "nimewekwa CRB" unampa pole, maana kuna mkopo wa simu uliomshinda. Huku balaa ni jina lako kutokuwemo. Waweza kuwa hujawahi kudaiwa hata senti, una akiba benki, na bado mwenye nyumba akakutazama kama mtu asiye na kivuli. TransUnion ipo Nairobi na ipo Chicago, lakini faili lako la Nairobi halipandi ndege pamoja nawe. Unaanza upya.

Kadi ya sheli ni mojawapo ya milango ya kuanzia. Kikomo chake huwa kidogo, nyingi hazifanyi kazi nje ya vituo vya kampuni hiyo, kwa hiyo benki inayoitoa haihatarishi pesa nyingi na haibani sana kama kwenye kadi kubwa. Faida ya pili ni kwamba mafuta ungenunua tu. Huongezi matumizi, unabadilisha njia ya kulipia. Kadi ya duka la nguo itakuvuta ununue viatu usivyovihitaji, lakini tanki likishajaa limejaa.

Ila si dawa ya kila mtu. Kama huna gari, achana nayo. Na kama unaweza kuweka kando dola 200 kwa mwaka mmoja hivi, ninakushauri bila kusita uchukue kadi ya amana badala yake: unaiachia benki dola 200, nayo inakupa kadi yenye kikomo cha dola 200 inayokubalika sheli, sokoni na kila mahali. Kadi ya sheli ni ya yule ambaye dola 200 hizo ndizo za kodi ya nyumba.

1. Chungulia kwanza kama jina lako limo

Marekani kuna mabiro matatu makubwa yanayotunza mafaili ya wakopaji: Equifax, Experian na TransUnion. Ripoti zako zote tatu unazipata bure, hata kila wiki ukitaka, kwenye annualcreditreport.com. Tovuti ni hiyo. Zipo nyingine zenye majina ya kufanana zinazotaka namba ya kadi yako kwanza, hizo zipite.

Usidhani faili lako ni tupu kwa sababu tu hujawahi kukopa. Waliokuja kwa ukimbizi, hasa ndugu zetu wa Kongo waliopitia Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, wengi walisaini karatasi za mkopo wa tiketi ya ndege kutoka IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji) kabla ya kupanda. Mkopo ule hauna riba, unaanza kulipwa miezi michache baada ya kufika, na mashirika yanayoukusanya huripoti malipo kwenye mabiro. Aliyelipa vizuri ameshaanza kujenga jina bila kujua. Aliyeitupa ile bahasha kwa kudhani ni matangazo ameshaanza kulibomoa. Kama ni wewe, shughulikia hilo kabla ya kuomba kadi yoyote.

Angalia pia jina na tarehe ya kuzaliwa. Sisi wenye majina matatu yanayozunguka (Juma Hamisi Ally, kesho Ally Juma) tunapata taabu, na wakimbizi wengi waliandikishwa kuwa wamezaliwa 1 Januari. Wawili wenye jina moja, tarehe moja na mji mmoja, mafaili yao huweza kuchanganywa, ukajikuta unabebeshwa deni la mtu usiyemjua. Ukiona kitu si chako, andika malalamiko kwa biro husika. Sheria inalitaka lichunguze, kwa kawaida ndani ya siku 30. Na kuanzia leo, kila fomu andika jina lako vilevile lilivyo kwenye kadi ya Social Security (ile yenye namba yako ya hifadhi ya jamii), herufi kwa herufi.

2. Hakikisha unayoshika ni kadi ya mkopo kweli

Hapa ndipo wengi hupoteza mwaka mzima. Pale kaunta kuna vikadi vingi vyenye nembo ya kampuni, na vyote vinapunguza senti chache kwa galoni, lakini havifanani.

Kipo cha pointi tu: unaandika namba ya simu, unapata punguzo, unalipa kwa pesa yako. Kipo kilichounganishwa na akaunti yako ya benki, unachomeka na pesa inakatwa huko moja kwa moja. Hiki ndicho kinachodanganya zaidi kwa sababu kina namba ya siri na kinafanana na kadi kamili. Zipo pia kadi za makampuni yenye magari mengi, ambazo aghalabu huandikwa kwa jina la biashara. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayokujengea jina lako binafsi.

Dalili ya kadi ya mkopo ni kwamba fomu yake inakuuliza namba ya Social Security na mapato yako ya mwaka, na chini kwa maandishi madogo kuna jina la benki inayoitoa, kwa mfano Synchrony au Citibank, pamoja na kiwango cha riba. Kisha piga simu uulize swali moja: je, mnaripoti kwa mabiro yote matatu? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta nyingine.

Zenyewe za mkopo ni aina mbili. Moja inafanya kazi kwenye vituo vya kampuni hiyo tu. Nyingine ina alama ya Visa au Mastercard, inakubalika popote, na ni ngumu zaidi kuipata. Mgeni kwa kawaida huangukia ile ya kwanza, na haina ubaya wowote.

3. Omba mara moja, kisha subiri

Chagua kampuni ambayo kituo chake kiko kwenye njia yako ya kazini. Punguzo la senti 10 kwa galoni halina maana kama unaendesha maili sita kulifuata.

Andaa namba ya Social Security (benki chache hukubali namba ya kodi, ITIN, ukiwa huna), anwani ya Marekani na mapato yako halisi. Aliye chini ya miaka 21, kwa sheria ya mwaka 2009, lazima aonyeshe kuwa ana kipato chake mwenyewe au apate wa kumdhamini. Usiongeze sifuri kwenye mapato. Kudanganya kwenye fomu ya benki ni kosa la jinai, na kwa mtu ambaye bado ana faili uhamiaji hilo si jambo la kuchezea.

Kila ombi unalotuma linaacha alama ya ukaguzi kwenye faili lako kwa miaka miwili, na FICO, kampuni ambayo kanuni yake hutumika kumpa mkopaji alama kutokana na faili lake, huuhesabu ukaguzi huo kwa miezi 12 ya kwanza. Ukaguzi mmoja si kitu. Maombi manne ndani ya wiki moja yanakufanya uonekane mtu anayehangaika. Tovuti nyingi zina sehemu ya kujipima kwanza kama unaelekea kukubaliwa, na kujipima huko hakuachi alama. Anzia hapo.

Ukikataliwa, benki inapaswa kukuandikia sababu. Soma barua hiyo, maana ni ya thamani kuliko inavyoonekana. Inakutajia pia biro lililotumika, na una siku 60 za kudai ripoti ya bure kutoka kwao. Ikiwa sababu ni "hakuna historia ya kutosha", usirudi kuomba sheli ya jirani. Nenda kwenye kadi ya amana.

4. Tarehe mbili zinazoamua kila kitu

Sasa kadi imefika, kikomo chake ni dola 300. Nikueleze kilichonikuta mimi mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa ninaijaza kadi karibu mpaka juu, na kila mwezi, siku ya mwisho ya kulipa, ninalipa yote bila kubakiza senti. Sijawahi kuchelewa hata siku moja. Nilipokuja kuangalia alama zangu, nikakuta zimedumaa. Nikaona nimeonewa.

Sikuwa nimeonewa. Nilikuwa ninatazama tarehe moja, kumbe ziko mbili. Ipo siku ya kufunga hesabu, benki inapojumlisha matumizi ya mwezi na kukuandikia bili. Na ipo siku ya mwisho ya kulipa, ambayo kisheria haiwezi kuwa chini ya siku 21 tangu bili itumwe. Benki nyingi hupeleka taarifa kwa mabiro karibu na ile siku ya kufunga hesabu. Kwa hiyo mabiro yalikuwa yananiona kila mwezi nikidaiwa karibu kikomo chote, hata kama wiki tatu baadaye ninalipa. Dawa ya deni ni kulipa, tunajua, ila huku hata saa ya kuinywa dawa ina hesabu yake.

Alama za FICO huanzia 300 na kuishia 850. Asilimia 35 yake hutokana na kulipa kwa wakati, na asilimia 30 hutokana na kiasi unachodaiwa, hasa ukilinganisha na kikomo. Umri wa akaunti zako ni 15, maombi mapya ni 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo ni 10. Vitu viwili vya kwanza ndivyo vilivyo mikononi mwako tangu leo.

Tupige hesabu. Tanki la galoni 14, tuseme galoni ni dola 3.20, kujaza mara moja ni dola 44.80. Ukijaza mara tatu kwa mwezi ni dola 134.40. Kwenye kikomo cha 300 hiyo ni karibu asilimia 45, na wapimaji hawapendi kukuona juu ya 30. Chini ya 10 ni bora zaidi. Tuseme hesabu yako inafungwa tarehe 12. Tarehe 8 au 9 ingia kwenye programu ya simu ulipe dola 100, maana malipo huchukua siku mbili tatu kuingia. Bili itakayotoka tarehe 12 itakuwa dola 34.40, na mabiro yatakuona unatumia chini kidogo ya asilimia 12 ya kikomo. Kisha ile 34.40 ilipe yote kabla ya siku ya mwisho.

Ilipe yote. Kuna uzushi unaozunguka misikitini, makanisani na kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba lazima ubakize deni kidogo ulipie riba ili benki "ikujue". Si kweli. Kinachoripotiwa ni kwamba akaunti ipo, inatumika na inalipwa. Riba haikuongezei alama hata moja.

Na riba ya kadi hizi ni kali, nyingi ziko karibu asilimia 30 kwa mwaka. Ukiburuta deni la dola 300, mwezi mmoja unakutoza kama dola 7.50. Punguzo la senti 10 kwa galoni, kwa galoni 42 za mwezi mzima, ni dola 4.20. Hapo kampuni ndiyo inayokupunguzia wewe mfuko. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa Waislamu wanaokwepa riba kabisa, ukilipa bili yote kwa wakati kila mwezi riba haitozwi kwenye manunuzi. Kuhusu mkataba wenyewe kuwa na kipengele cha riba, muulize sheikh wako, mimi ninakupa hesabu tu.

Weka pia malipo ya moja kwa moja kutoka benki, ya bili yote, kama kinga ya siku ya kusahau. Lakini akaunti iwe na pesa siku hiyo, maana malipo yakirudi nayo yana faini yake. Ukichelewa siku chache utatozwa faini inayoweza kufika dola 30 au kuzidi. Ukichelewa siku 30, hapo jambo linaingia kwenye faili lako na kukaa miaka saba. Kwa hiyo ukigundua umesahau, lipa leo hii hata kama ni usiku. Siku ya tano na siku ya thelathini na moja ni mbingu na ardhi.

Wanaoendesha Uber na Lyft, hesabu yangu ya mara tatu kwa mwezi haiwahusu. Mnajaza karibu kila siku, na dola 300 zitaisha kabla ya wiki mbili. Lipeni kila Jumatatu, msisubiri bili.

5. Pale kwenye pampu

Pampu nyingi zitakuuliza namba ya zipu, yaani ile ya posta yenye tarakimu tano. Ni ya anwani ambako bili yako inatumwa, si ya mahali ulipo. Ukihama nyumba ukasahau kubadilisha anwani benki, kadi itakataa na utadhani umeibiwa.

Kadi zenye Visa au Mastercard zina mtego mwingine. Pampu haijui utaweka mafuta ya kiasi gani, kwa hiyo huzuia kwanza kiasi fulani kwenye kadi, na tangu 2022 kinaweza kufika dola 175. Rudi kwenye mfano wetu: umekwisha kutumia 134.40, umebaki na 165.60, pampu inataka kuzuia 175. Itakataa, ingawa mafuta unayotaka ni ya dola 20. Hakuna hitilafu yoyote. Ingia ndani umwambie mhudumu, "dola 20, pampu namba nne", alipishe kiasi hichohicho.

Kabla ya kuchomeka, kitikise kile kitundu cha kadi. Wezi hubandika vifaa vya kunakili namba juu yake, hasa kwenye pampu za pembeni zisizoonekana kutoka dirishani. Kikicheza kama jino bovu, hama pampu.

Na ukishaingia ndani, kadi ile ya kampuni moja inanunua pia soda, kahawa na yale mavitumbua yao ya sukari yasiyofika hata robo ya kitumbua. Vitu vya dola nne nne ndivyo vinavyopandisha bili bila kujulikana. Mimi niliweka sharti: kadi ni ya pampu tu.

Usimwazime mtu. Najua kwetu kumnyima ndugu ni vigumu, shemeji amefika jana, tanki lake tupu, keshokutwa ana usaili wa kazi. Mpeleke wewe mwenyewe ukamwekee ya dola 15. Kadi ikirudi imejazwa, mabiro hayamjui shemeji.

6. Baada ya miezi sita

FICO huhitaji akaunti yenye umri wa angalau miezi sita kabla ya kukupa alama ya kwanza. Kwa hiyo mwezi wa pili usiende kutafuta namba ukakata tamaa. Mwezi wa tatu hivi, chukua tena ripoti zako tatu uone kama kadi inaonekana kwenye zote. Kama biro moja halina, piga simu benki.

Ukifika mwezi wa saba, ukiwa hujachelewa hata mara moja, jipime kwa kadi ya kawaida isiyo na ada ya mwaka, tena kwenye ile sehemu ya kujipima kwanza. Ikikubali, hamishia mafuta yako huko, maana riba yake huwa chini kidogo na inakubalika kila mahali. Ile ya sheli usiifunge kwa furaha. Maadamu haina ada, kikomo chake kinakusaidia kwenye hesabu ya asilimia, na umri wake unaendelea kuongezeka. Lakini kadi iliyolala muda mrefu benki huweza kuifunga yenyewe bila kukuuliza. Mimi yangu huitoa kila baada ya miezi mitatu, ninaweka mafuta ya dola 10, ninailipa jioni hiyohiyo, na kuirudisha kwenye droo.